Waja leo, waondoka leo: ushauri kwa anayetuma Travel Bug ya kwanza kutoka Tanga

Mwenzangu uliyeingia juzi kwenye jiokashi, mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kufuata ramani ya mtandaoni, najua mkono unakuwasha. Umenunua Travel Bug, kibati chenye namba ambacho wachezaji hukibeba kutoka kikasha hadi kikasha, umekifungia kidoli, na unataka kukitia kwenye kikasha cha kwanza utakachokipata ili mwezi ujao usikie kimefika Berlin. Subiri kidogo. Berlin vikasha vimejaa kila bustani, na kitu kikitoka hapa huingia pale bila mtu kupanga chochote. Kwetu vikasha ni vichache, vimeachana, na wengi wanaovifungua ni wageni wa siku chache. Kwa hiyo kabla ya kuangalia ramani ya vikasha, jiulize nani atakibeba na yeye mwenyewe anaelekea wapi.

Hilo ndilo jambo kubwa nililo nalo. Mengine yote yanatoka humo.

Mji wetu unajulikana kwa waja leo waondoka leo, basi watazame hao wajao na uone wanakotokea na wanakoishia. Wako wanaokuja kwa ajili ya bahari, wanakwenda Pangani na Ushongo, na wengi wao safari inayofuata ni Zanzibar au Dar es Salaam. Wako wa milimani, wanapanda Lushoto kutembea Usambara, wakishuka Mombo wanageukia Moshi na Arusha au wanarudi Dar. Wako wanaovuka Horohoro kwenda Mombasa. Sasa kama msafiri wako, yaani hicho kibati, unataka aone Kilimanjaro, kumwacha kwenye kikasha cha ufukweni ni kumpandisha gari lisilo lake. Mpeleke Lushoto mwenyewe, au mpe rafiki anayepanda huko. Kama ndoto yako ni Ulaya, njia zote mbili zinafaa, maana wageni wa pwani na wa milimani wote huishia uwanja wa ndege.

Msimu nao una neno. Juni hadi Oktoba kukavu, wageni wako wengi na njia za milimani zinapitika. Ukikiweka kibati Aprili, katikati ya masika, kitakaa ndani ya kopo lenye unyevu kikisubiri mtu asiyekuja, na karatasi ya maelezo itakuwa uji. Mimi husubiri Juni. Ambaye hana subira hiyo akae nacho nyumbani kwanza, hakiozi.

Ukishajua mwelekeo, ndipo uchague kikasha, na hapa soma kwa makini. Si kila alama kwenye ramani ina chombo. EarthCache, kwa mfano, ni somo la miamba na ardhi: unafika mahali, unajibu maswali, basi, hakuna kopo la kutilia kitu. Ukiona alama karibu na mapango au magofu, fungua maelezo kabla ya kulipa bodaboda. Halafu angalia ukubwa. Kopo la ukubwa wa lile la filamu ya kamera halipokei kidoli, hata ukikisukuma. Halafu soma walioandika mwisho. Kama wawili watatu waliofuatana wameandika kwamba hawakukipata, kikasha hicho huenda kimeshabebwa na watoto au maji, na msafiri wako hana pa kulala. Na uwaangalie waliokipata ni watu wa wapi. Kikasha kinachofunguliwa na Wajerumani kila Agosti kinakuambia njia yake waziwazi.

Kilomita anazohesabiwa msafiri zinawachanganya wengi. Tovuti ya mchezo huhesabu mstari ulionyooka kutoka kikasha hadi kikasha, haijui barabara. Basi la Tanga hadi Dar linazunguka Segera na Chalinze, linakula kama kilomita 350, lakini kwa mstari ulionyooka hazifiki 200. Ukitaka mzunguko uhesabiwe, msafiri aandikwe kwenye vikasha vya njiani. Si lazima umwache: mchezo una alama ya kutembelea, yaani unafika naye, unaandika kwamba amepita, unaondoka naye. Inafaa sana kwetu, kwa sababu unaweza kumpitisha kwenye kikasha usichokiamini bila kumwacha hapo. Ila usiipende mno alama hiyo. Kibati kinachotembelea vikasha mwaka mzima kikiwa kwenye begi lako hakisafiri, kimeajiriwa kwako.

Lengo andika fupi. Nimeona kadi zinazosema Kilimanjaro, kisha Paris, kisha Istanbul, kisha nirudi Tanga kabla ya Idi. Hakuna mgeni atakayehangaika na hayo yote. Andika kituo kimoja, kinachofuata, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwenye kadi ndogo iliyofunikwa plastiki na kufungwa pamoja na kibati. Kikifika, badilisha lengo kwenye ukurasa wake mtandaoni. Kurudi ndiko kugumu zaidi kuliko kwenda, kwa sababu wanaotoka Ulaya wakija Tanga moja kwa moja ni wachache. Omba arudishwe Afrika Mashariki. Akitua Nairobi, Moshi au Dar, utampata mwanafunzi au ndugu wa kwenda kumchukua na kupanda naye basi. Kupokezana mkono kwa mkono kunaruhusiwa, mradi anayepokea aandike.

Juu ya mapambo, kila mtu wa Tanga anataka mkonge. Sawa, kipande kifupi kilichosukwa na kukauka kabisa, kwa sababu kamba hunyonya unyevu. Lakini usifunge tumbawe wala kombe la baharini, hata kama umeliokota Raskazone. Matumbawe yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na huwezi kumtia mgeni wa watu kwenye maswali ya uwanja wa ndege kwa ajili ya mchezo wako. Mbegu vilevile. Karafuu na chakula cha aina yoyote acha: panya na siafu hawasomi kanuni, na kanuni zenyewe zinakataza chakula kwenye vikasha.

Namba. Kibati kina namba mbili, na hizi usizichanganye. Ile inayoanza na TB ni ya hadharani, mpe yeyote afuatilie. Ile iliyochongwa kwenye chuma ni ya anayekishika tu. Ukiipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, watu ambao hawajawahi kukiona wataandika kwamba wamekigundua, na historia ya safari itajaa uongo.

Kupotea kutakuwepo. Mkonge wenyewe tunaojisifia, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai huku mwaka 1893 ilikuwa 62. Vibati navyo hupungua njiani, na mara nyingi hakuna mwizi: mtu amekisahau kwenye mfuko wa koti la safari. (Msafiri aliyepangiwa njia vizuri kuliko wote yuko sayari ya Mirihi. Namba yake imo kwenye chombo cha NASA cha Perseverance kilichotua Februari 2021, na hakuna mtoto wa kumchezea huko.)

Kikikaa kimya, mwandikie aliyekishika mwisho, kwa adabu, ukianza na salamu na shukrani kwa kukibeba. Usimuulize amekipeleka wapi kama polisi, muulize kama anahitaji kusaidiwa kupata kikasha cha kukiacha. Wengi hujibu. Asipojibu, mwombe mwenye kikasha cha mwisho aangalie akipita tena. Miezi ikienda bila neno, weka alama kwamba kimepotea, ili wageni wasipande mlima kutafuta kitu ambacho hakipo. Kisha fungua droo: Travel Bug huuzwa na kibati cha pili chenye namba ileile, hicho unabaki nacho wewe. Unaweza kukifungia kidoli kingine na kuendeleza safari kutoka pale ilipokatikia, kilomita zake za zamani zikiwa palepale. Safari hii mpe Lushoto, na mpe mtu wa kwenda naye.