Mwezi wa nane au Januari? Kuchagua boti ya kuvua Watamu mfuko ukiwa mwepesi

SWALI: Nahodha, salaam aleikum. Sisi ni marafiki wanne wa Nakuru, tunataka kushuka Watamu kuvua kwa rodi, na mimi hasa nataka sulisuli, yule samaki wa pezi kubwa kama tanga, hata nikimshika mmoja nikamrudisha baharini nitakuwa nimeridhika kabisa. Shida ni kwamba mwaka huu biashara imelala, kila shilingi tunaihesabu mara mbili. Tumepewa bei tatu. Boti ya kwanza iko wazi juu, injini moja, elfu 30 nusu siku. Ya pili ni futi 26, injini mbili za petroli, elfu 70 nusu siku. Ya tatu ni ile kubwa, futi 38, diseli mbili, elfu 130 siku nzima. Wote wanasema tukija mwezi wa nane watatupunguzia, na mmoja ametuapia samaki yuko mwaka mzima. Ni kweli? Tuchukue ipi na tuje lini?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, karibuni sana pwani. Nianze na hapo mwisho maana ndipo pesa za watu zinapoliwa. Samaki yuko mwaka mzima, hio hajakudanganya, lakini sulisuli hayuko mwaka mzima, na we umesema unataka sulisuli. Kwa hio mtu akikwambia "samaki yupo" muulize samaki gani, umbali gani, na upepo gani.

Huku kwetu mwaka unagawanywa na pepo mbili. Kusi inaingia karibu na Aprili pamoja na mvua za masika, inakaza sana Juni na Julai, na Agosti bado iko na nguvu ingawa inaanza kulegea kuelekea Septemba. Kaskazi inashika Novemba kwenda Disemba, inakaa mpaka Machi. Sasa bei ya Agosti inashuka sababu bahari ni chafu, wageni ni wachache, na boti nyingi ndio kwanza zimerudi majini baada ya kupandishwa pwani kwa matengenezo tangu masika. Si ubaya, hio ni biashara na watu lazima wale, lakini ujue unanunua nini. Agosti mpaka Oktoba huku ni msimu wa jodari, yule wa mapezi ya manjano, na nguru nao wanapatikana. Sulisuli wanaanza kushika Novemba na Disemba na Januari ndio wako kwa wingi, marlini wao ni Januari kuelekea Machi.

Sababu yake iko majini. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, lakini kaskazi ikivuma ule mkondo wa Somalia unageuka unashuka kusini, basi hii miwili inakutana huko juu kati ya Malindi na Lamu na kugeukia bahari kuu, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, vidagaa vinajaa, na wakubwa wanafuata chakula. Ndio maana Malindi na Watamu zimejulikana kwa samaki hawa tangu zamani, hata Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Alafu kuna mto Sabaki, unamwaga maji ya tope kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, na wakati wa kaskazi yale maji ya kahawia yanasukumwa kusini. Wageni wakiyaona wanakata tamaa wakidhani siku imeharibika, kumbe pale tope linapokutana na maji ya samawati kuna mstari unauona kwa macho kabisa, na kapteni mzuri atarambaza, yaani atakokota chambo nyuma ya boti polepole, kando ya mstari huo upande wa maji safi, sababu vidagaa hujificha kwenye tope na sulisuli hungoja nje. Ukiona ndege wanapiga mbizi hapo usiongee na mtu, angalia mishipi yako.

Kwa hio jibu la lini: kama pesa inatosha safari moja tu na roho yako iko kwa sulisuli, usije Agosti hata upunguziwe nusu. Njoo mwisho wa Novemba kabla hoteli hazijapandisha bei za Krismasi, au njoo katikati ya Januari watu wa sikukuu wakishaondoka na watoto wamerudi shule. Mimi ningechukua Januari, bahari inakuwa imeshatulia kuliko Novemba ambayo bado ina mvua za vuli. Punguzo la Agosti utalipata Januari pia ukiomba siku ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, boti ikiwa imekaa bure mwenyewe atakusikiliza.

Sasa boti. Jambo moja watu wa bara hamuambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya ile bei ni mafuta. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 100 ikipigwa gia yote inakunywa karibu lita 35 mpaka 40 kwa saa, na ukiwa na mbili za hivyo piga mara mbili. Diseli ya nguvu hizohizo inatumia karibu nusu. Lakini wakati wa kurambaza boti inaenda noti 6 mpaka 9 hivi, yaani kama kilomita 11 mpaka 17 kwa saa, na mafuta yanashuka sana, yaani kinachokula pesa ni kukimbia kwenda mbali na kurudi, ule muda wa kuvua wenyewe hauli sana. Hapo ndipo mwenye mfuko mwepesi anapoweza kucheza. Sulisuli wa Watamu wakati wa msimu hawako mbali, mara nyingi ni maili chache nje ya mwamba, hamhitaji kwenda mabanki ya kaskazini, ile miinuko ya chini ya bahari huko mbali, ambako watu hulala baharini. Kwa hio futi 38 siku nzima kwa samaki aliye karibu ni kulipia safari msioihitaji, hio waachie wanaotafuta marlini mkubwa au wanaotaka kuvua usiku.

Ile ya elfu 30 nayo siipingi kwa sababu ni rahisi, kuna vijana wenye boti ndogo wanajua bahari kuliko matajiri wengi. Ninaipinga kwa sababu ya injini moja nje ya mwamba. Pwani yetu inatazama mashariki, kusi inakuja na kusini mashariki, kaskazi inakuja na kaskazini mashariki, maana yake pepo zote mbili zinakusukuma kurudi kwenye mwamba. Injini ikizima mkiwa maili moja nje hamtapelekwa bahari kuu mkaokotwe kesho, mtapelekwa kwenye mawimbi yanayovunjika juu ya mawe, na nanga haishiki pale kina kinaposhuka ghafla. Boti ile ichukueni siku nyingine ya bahari tulivu mkavue changu na chewa kwa mshipi wa mkono karibu karibu, nje ya hifadhi lakini, maana hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zipo tangu 1968 na ndani yake hairuhusiwi kuvua kabisa, mtu akikwambia "tutapita kidogo tu" shuka.

Kwa hio mimi naona futi 26, injini mbili. Elfu 70 kwa watu wanne ni elfu 17 na 500 kila mmoja. Na msichukue nusu siku ya kawaida ya masaa matano hivihivi, ombeni masaa saba, muongeze kitu kidogo, sababu kama nilivyosema hayo masaa mawili ya nyongeza ni ya kurambaza na mafuta yake si mengi. Mwenye boti anajua hesabu hii, mkimuonyesha na nyinyi mnaijua atakubali. Muwe mmeshapita mlango wa hori ya Mida, pale maji ya ndani yanapotokea baharini, saa kumi na mbili asubuhi, upepo huwa unaongezeka kadri jua linavyopanda.

Na hapo kwenye mlango muangalie kalenda ya mwezi kabla hamjachagua tarehe. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya huku yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, yote yale ya Mida yanatoka kwa nguvu pale mlangoni na yakigongana na upepo wa nje mawimbi yanasimama kama ukuta. Boti ya futi 26 inapita, lakini nyinyi watu wa ziwani mtatapika kabla hamjaweka chambo. Siku za maji mafu, pale mwezi ukiwa nusu, ni rahisi zaidi kwa boti ya saizi hio.

Kabla ya kutoa pesa, nendeni jioni moja kabla muione boti, msikubali picha za simu. Mwambieni kapteni awashe injini zote mbili, muangalie ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni ya injini, unatakiwa utoke kwa nguvu na bila kukatika, ukiwa unadondoka matone tu jua maji ya kupooza hayazunguki vizuri na injini itachemka huko nje. Muulize filta ya mafuta iko wapi, nyingi zina kikombe cha kuonyesha chini, tazama kama kuna mstari kati ya petroli na kitu kingine kilichokaa chini, hicho kitu ni maji, na boti iliyolala msimu mzima kusubiri wateja ndio inakusanya maji kwenye tangi. Hapa ndipo hali ngumu inapouma, sababu mwenye boti akikosa wateja cha kwanza anachoahirisha ni sevisi, na hasemi.

Alafu vifaa. Shika mshipi, zile mita mbili za mwisho, upitishe taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukisikia umekwaruza hata mara moja, ukatwe ufungwe upya mbele yako. Vuta mshipi kwa mkono breki ya rili, kile kigurudumu cha mshipi kwenye rodi, ikiwa imefungwa kiasi, utoke laini bila kushtuka shtuka, maana sulisuli akiondoka anaondoka na mita mia kwa mpigo na breki inayoshtuka inakata mshipi palepale. Ndoana ziwe za duara kama wanatumia chambo cha chuchunge au ngisi, zinashika pembeni ya mdomo na samaki anarudi mzima. We umesema utamrudisha, vizuri sana, muulize kama wanaweka alama. Shirika la African Billfish Foundation lina alama ndogo zinazochomekwa mgongoni, unaandikiwa kadi, na samaki wako akivuliwa tena popote inajulikana ametoka Watamu. Boti inayoweka alama mara nyingi ina mabaharia wanaojua kumshika samaki bila kumuua.

Jaketi za kuokoa maisha zihesabiwe, moja kwa kila kichwa pamoja na mabaharia. Redio ya VHF iwashwe mbele yenu isikike chaneli 16, ile ya dharura, simu pekee haitoshi sababu ukitoka nje netiweki inapotea. Cheti cha ukaguzi kutoka Kenya Maritime Authority kiwepo na kisiwe kimeisha, ombeni kukiona, kapteni halali hakasiriki kuulizwa. Na muulize leseni zenu za kuvua kwa michezo ziko ndani ya bei ama mnalipa wenyewe.

Samaki pia mkubaliane mapema. Boti nyingi huku samaki anabaki wa boti, mteja anapewa kipande cha kula, na mwenye boti amehesabu kuuza nguru na jodari kufidia mafuta. Miaka migumu hio pesa ya samaki ndio mshahara wa mabaharia, mimi nawaomba msiwanyang'anye, ila mnaweza kuigeuza iwafae wote, mwambieni "samaki wote wa kula ni wenu, sisi tunataka mmoja wa hoteli, mtupunguzie bei." Mara nyingi inakubalika.

Kama likizo zenu haziwezi kabisa kufika Januari na ni Agosti tu, basi badilisheni samaki, njooni kwa jodari, na muwe na siku mbili za akiba mkononi msubiri upepo. Kwenye simu msiangalie urefu wa wimbi peke yake, angalieni na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita mbili za sekunde 12 ni milima mipole inayowabeba tu, mita moja na nusu za sekunde 6 ni kipigo kutoka mlangoni mpaka mrudi. Upepo ukionyesha unazidi noti 20, boti ya futi 26 msitoke nayo hata kapteni akiwa na haraka, na hasa akiwa na haraka, sababu mtu aliyekaa wiki mbili bila mteja anaweza kuiona bahari nzuri kuliko ilivyo.

Ndio maana mambo ya amana myaandike. Msitume bei yote, tumeni theluthi moja, na kwenye ujumbe muandike wazi kwamba bahari ikiwa mbaya siku inasogezwa bila kukatwa kitu, na kwamba anayeamua ni kapteni au nyinyi, yeyote kati yenu akisema hapana basi ni hapana. Akikataa hilo sharti mtafuteni mwingine, boti za injini mbili pale Watamu haziko moja.