Sabufa kwenye Mazda Roadster: usianzie kwenye buti

Mkuu, umeuliza kama sabufa mbili za inchi 12 zinaingia kwenye buti la Mazda Roadster ya 2002 uliyoagiza Japani, maana fundi amekuhakikishia kwamba wati zikiwa nyingi, hata ukifunua paa mziki utausikia tu. Kuingia zinaweza kuingia kwa kulazimisha. Kusikika ni habari nyingine kabisa. Mimi natembelea gari la toleo hilo hilo, NB, na mziki uliomo ndani mwingine nimefungiwa na mafundi, mwingine nimefunga mwenyewe nyumbani, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu. Msimamo wangu ni huu: hela ianzie kwenye milango, sabufa iwe ndogo na ikae kabini pamoja na wewe. Buti liachie begi.

Magari ya kawaida yanatudanganya. Ukifunga sabufa kwenye IST, kabini iliyofungwa inakuongezea besi bure. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) una wimbi la mita 8 na nusu, refu kuliko gari lenyewe mara mbili. Humo ndani wimbi halina pa kujinyoosha, linaishia kubana na kuachia hewa yote ya kabini kwa pamoja, na masikio yako yamo humo humo. Kwa kabini yenye urefu wa mita 2.5 msaada huu unaanzia kwenye Hz 70 hivi, na kadiri mlio unavyoshuka ndivyo unavyoongezeka. Ndiyo maana sabufa ya bei ya kawaida kwenye IST inatikisa mpaka kioo cha nyuma.

Ukifunua paa, msaada huo umekwisha. Sasa uko kama spika ya harusi uwanjani, na uwanjani umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kuzirudisha hizo desibeli 6 kwa amplifaya peke yake kunataka wati mara nne. Desibeli 10, ambazo kwa sikio ni kama sauti imeongezeka maradufu, zinataka wati mara kumi. Piga hesabu mwenyewe: anayekwambia utoke wati 300 uende 600 anakuuzia desibeli 3. Lakini sabufa iliyokuwa mita moja na nusu kutoka sikioni ukiisogeza hadi sentimita 75, umepata desibeli 6 bila kununua chochote. Kwenye gari la wazi, ukaribu ni mali kuliko wati.

Na buti la Roadster ndilo sehemu mbaya kuliko zote. Si kama hatchback ambako buti na kabini ni chumba kimoja. Hapa kati yako na buti kuna ukuta wa chuma, na tangi la mafuta limekaa hapo hapo nyuma ya viti. Besi ya kwenye buti inatikisa mlango wa buti na kibao cha namba, na wanaoifaidi ni walio nyuma yako kwenye foleni ya Mwenge. Wewe uliyelipa unapata ngurumo ya mbali. Halafu nafasi yenyewe haifiki hata lita 150, na humo humo kuna tairi la akiba na betri.

Niseme jambo moja la usalama kwa sababu nimeshaona fundi akiwa na drili mkononi tayari. Kuna wanaopendekeza kutoboa ukuta huo wa nyuma ya viti ili besi ipite, au kufunga amplifaya kwa skrubu ndefu pale pale. Usikubali. Skrubu ya inchi mbili ikivuka bati inakutana na tangi au bomba zake. Chochote unachofunga upande ule kifungwe kwenye boliti zilizopo tayari, au kwenye ubao ulioshikwa na hizo boliti.

Basi sabufa iende wapi? Kwenye gari letu jibu ni miguuni kwa abiria, kwenye ukuta wa mbele, pale mguu unapofikia mwisho. Abiria upande wa kushoto ana nafasi ndefu kuliko anayoihitaji. Boksi lililofungwa, lisilo na tundu, la lita 10 hivi na sabufa ya inchi 8 ya zile nyembamba linakaa pale, na abiria mrefu atakunja magoti kidogo tu. Kabla ya kupima chochote nyanyua kapeti uone nyaya zimepita wapi. Langu limetengenezwa kwa marine board ya milimita 18, na upande uliopinda umefinyangwa kwa faiba na wale mafundi wanaotengeneza bampa. Usitumie MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Maduka mengi ya mziki wanaipenda kwa sababu inakatika vizuri, ila ikinywa maji inavimba kama mkate, na kwenye gari la paa la turubai maji yataingia, hilo halina mjadala. Mbele ya sabufa weka wavu wa chuma wa nguvu, maana kisigino cha abiria kitaikanyaga kila akipanda.

Zile sabufa bapa za kuweka chini ya kiti ni nzuri kwenye magari mengine. Kwenye NB kiti kimekaa karibu kabisa na sakafu, haziingii. Kuna kifaa kingine ambacho watu wanakidharau: kitikisa kiti. Ni kama sabufa isiyo na koni, ile karatasi ya mbele inayosukuma hewa, kinafungwa kwa boliti kwenye fremu ya kiti na kinatikisa kiti chenyewe. Hakitoi sauti ya maana, lakini milio ya Hz 40 kushuka chini tunaisikia kwa mwili kama tunavyoisikia kwa sikio, na upepo hauwezi kukifunika. Kikiendeshwa na amplifaya ndogo, sauti ikiwa imekatwa kwenye Hz 50 au 60, kinajaza pale ambapo inchi 8 inaishia. Ukizidisha unaendesha mashine ya kusaga, kwa hiyo taratibu.

Sasa milango, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa kilomita 80 kwa saa juu ya Daraja la Tanzanite na paa limefunuliwa, mngurumo wa matairi na upepo unafunika zaidi sauti za chini. Kinachoufanya mziki ubaki na mwili ni eneo la Hz 80 mpaka 200: teke la ngoma, mwili wa gitaa la besi, kifua cha mwimbaji. Hilo eneo ni la spika za mlangoni, si la sabufa. Mlango wa NB unapokea spika ya inchi 6 na nusu. Nunua nzuri kuliko ulivyopanga, na punguza bajeti ya sabufa kufidia. Chagua zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, au zile za boti kabisa, zilizotengenezwa zivumilie maji, chumvi na jua. Koni ya karatasi yenye ukingo wa sponji kwenye gari la wazi hapa Dar haizeeki, inaoza.

Spika nzuri kwenye bati tupu ni hasara. Fungua paneli ya mlango, bandua ile nailoni, safisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha bandika shiti za butili, mpira laini unaonata, zenye karatasi ya aluminiamu juu. Anza na bati la nje, lile unalolifikia kwa kupitisha mkono kwenye tundu la spika. Kandamiza kwa rola ndogo au mpini wa mwiko mpaka vile vinundu vya aluminiamu vilale vyote, maana pasipolala pana hewa, na penye hewa patabanduka kwa joto. Ukigonga mlango kwa kifundo cha kidole kabla na baada utaelewa: kabla unalia kama debe, baada unajibu "dup" na kunyamaza. Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani ili hewa ya mgongo wa spika isikutane na ya mbele zikafutana. Ila matundu madogo ya chini kabisa ya mlango usiyaguse. Maji ya mvua yanayoteremka na kioo yanatokea hapo, ukiyaziba mlango unakuwa ndoo.

Kabla hujafunga spika moja kwa moja, shusha kioo mpaka mwisho na upandishe mara kadhaa huku umeishikilia mahali pake. Sumaku kubwa inagusa kioo. Ikigusa, weka pete ya plastiki ya kuisogeza nje. Twita, zile spika ndogo za milio ya juu, zielekeze usoni, si kwenye kioo cha mbele, maana hakuna paa la kurudisha sauti.

Umeme kwenye NB ni raha kwa sababu betri iko ndani ya buti, upande wa kulia. Amplifaya ikikaa kwenye buti, waya mkuu haufiki hata mita moja na nusu. Hapo ndipo buti linapofaa. Tuchukue wati 300 za sabufa na 75 kwa kila mlango, jumla 450, zote RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, siyo ile namba kubwa iliyopakwa rangi kwenye kasha. Kwa amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, yenye ufanisi wa asilimia 80 hivi, ni kama ampea 41 kwenye volti 13.8, tena kwa kilele tu, muziki haukai hapo muda wote. Waya wa geji 4 unatosha na unabaki. Fyuzi ya ampea 60 iwe karibu kabisa na betri, chini ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiwake moto, siyo kulinda amplifaya.

Waya ukaguliwe Kariakoo kabla hujalipa. Mwingi unaouzwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba halisi. Kwangua nyuzi mbili tatu kwa kisu: ikitokea nyeupe, rudisha. Muuzaji akikataa usikwangue, ameshakujibu.

Kuhusu betri yenyewe: ile ya kiwandani ni ya kufungwa, na ina vibomba vinavyotoa gesi nje ya gari. Wengi wakibadilisha wanaweka betri ya kawaida ya maji, bomba zinabaki zinaning'inia. Betri inayochaji inatoa hidrojeni, na wewe unaweka kwenye chumba hicho hicho amplifaya na viungo vya waya vinavyoweza kupiga cheche. Tafuta betri ya AGM, ile ya kufungwa isiyo na maji ya kumwagika, na hata hiyo hakikisha bomba zimeunganishwa.

Maji sasa. Nyuma ya viti, pembeni kushoto na kulia, kuna njia za kutolea maji ya paa ambazo zinatokea chini ya gari mbele ya tairi za nyuma. Zikiziba kwa majani na vumbi, maji yanakuja sakafuni. Jamaa mmoja alifungiwa amplifaya nyuma ya kiti juu ya kapeti, kwa sababu "waya ni mfupi". Masika ilipoanza, kapeti ikanywa maji kimyakimya wiki nzima, na siku alipoiinua, chini ya amplifaya palikuwa na kutu ya kijani kwenye kila kiungo. Kwa hiyo zibua njia hizo kwa mrija laini kila kabla ya mvua, na hakuna kifaa chochote cha umeme kukaa sakafuni. Hata kwenye buti, amplifaya ipande juu ya ubao.

Kwenye kutyuni, kata spika za mlango zisishuke chini ya Hz 80, sabufa isipande juu ya Hz 90 au 100, na washa kichujio cha chini kabisa, kile kinachozuia milio ya chini zaidi isifike kwenye sabufa, kwenye Hz 30 au 35. Hiki cha mwisho ni lazima kwetu, kwa sababu bila kabini iliyofungwa sabufa inahangaika kupiga milio ambayo hutaisikia, na koni inatoka nje bure. Geini, kile kinobu cha amplifaya cha kupandisha nguvu ya sauti, ipimwe kwa mita ya volti: wati 300 kwenye omu 4 ni volti 34.6, wati 75 ni volti 17.3.

Gari lako ni magari mawili, la paa wazi na la paa limefungwa, na mpangilio mmoja hautoshi. Besi inayokaa sawa ukiwa wazi itakupasua kichwa ukifunga. Prosesa ya sauti yenye kumbukumbu mbili ndiyo dawa kamili. Dawa ya bei nafuu ni kile kitufe cha waya cha kuongeza na kupunguza besi, kifungwe karibu na gia. Kwa hoja hiyo hiyo usikimbilie redio ya skrini kubwa, saa saba mchana paa likiwa wazi huoni chochote zaidi ya uso wako. Chukua redio yenye kinobu cha kuzungusha, na yenye uso wa mbele unaochomoka uondoke nao, maana mwizi anakata turubai kwa wembe.

Mwenye BMW E46 ya kufunua, wewe una bahati ambayo sisi wa Roadster hatuna. Kama gari lako lina lile tundu la begi la skii katikati ya kiti cha nyuma, boksi linakaa kwenye buti na sabufa inapigia kabini kupitia hapo. Wenye Mercedes SLK na BMW E93 za paa la bati, kumbukeni paa linakuja kulala ndani ya buti. Pimeni boksi paa likiwa limelala, na lisiguse lile pazia la kugawa buti, kwa sababu pazia lisipokaa mahali pake gari linakataa kufunua.

Na mkuu, kabla hujanunua chochote angalia tena nyaraka za meli. Kama kilichokuja ni NC, yaani ya kuanzia 2005, betri iko mbele kwenye injini. Hapo waya unakuwa mrefu, unavuka ukuta wa injini, na lazima upite kwenye mpira wake, si kwenye bati lililo wazi.