Wifi Hataki Kusikia Kliniki

Shikamoo Shangazi. Mke wa kaka yangu ana mimba ya miezi mitano na hajakanyaga kliniki. Mimba ya kwanza muuguzi alimfokea mbele ya foleni nzima, akaapa harudi. Mama anamuunga mkono, ati yeye kazaa saba nyumbani. Kaka yuko kimya. Nimemsema wifi hadi hatuongei. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu.

Acha kwanza kumsema. Wifi yako hajakosa elimu, ana kumbukumbu. Aliaibishwa akiwa na tumbo lake mbele za watu, kisha nawe ukamwongezea (hukuandika ulimwambia nini, ila nahisi). Mwombe radhi, halafu umwulize: nikikusindikiza na kukaa nawe mpaka umalize, utakwenda? Kama kuna kituo kingine cha karibu, anzieni huko.

Amechelewa, lakini hajapitwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12. Hata sasa atapimwa damu, mkojo na presha, atapewa vidonge vya kuongeza damu. Presha ndiyo inayonitia hofu mimi. Hupanda kimyakimya, mtu akijiona mzima, hadi siku kifafa cha mimba kimwangushe.

Kwa mama, usibishane juu ya hao saba. Nawe ni mmoja wao! Mwulize kwa upole kama hakuna uzazi hata mmoja uliomtisha. Damu inayomwagika baada ya mtoto kutoka yaweza kuua kwa saa chache tu, na sindano ya kukaza kizazi iko wodini, haiko chumbani kwenu. Kisha mwombe abaki na mtoto mkubwa siku za kliniki. Bibi aliyepewa kazi hapingi sana.

Wa kubanwa ni kaka yako. Wako wanawake wanaofia nyumbani huku watu wakitazamana nani aseme "twende". Aamue leo: usafiri wa nani, pesa ziko wapi, na asipokuwepo nani ana ruhusa ya kumtoa mkewe usiku. Wifi yako akiona damu, kichwa kikimuuma sana, macho yakiingia ukungu, uso ukivimba, akipata homa au mtoto akipunguza kucheza, hasubiriwi mtu.

Na muuguzi akianza kufoka tena ukiwa hapo, mwulize jina lake, kwa adabu kabisa. Kama sauti haishuki, mtafuteni mkuu wa kituo siku hiyohiyo, kabla hamjarudi nyumbani.