Je, aliyeolewa ndani ya eda aitwe mzinifu?

SWALI: Niliachwa talaka moja nikiwa nanyonyesha, hedhi haijarudi. Nikahesabu miezi mitatu ya kalenda, nikaolewa. Hedhi ilirudi niko kwa mume mpya, na sasa nina mimba ya miezi saba. Ustadhi mmoja ametamka darasani kuwa mimi ni mzinifu na mtoto ni wa haramu. Mawifi wameshikilia hapohapo. Nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, kwenye ndoa yenyewe ustadhi hakukosea: ni batili. Eda (muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena) ya miezi mitatu ni ya aliyekoma hedhi na ya asiyepata kuiona (At-Talaq, aya ya 4). Anayenyonyesha, damu ikazuilika, husubiri irudi atimize twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, hata zikichukua mwaka na zaidi. Mtengane leo hii.

Alipoteleza ni kwenye neno. Mzinifu ni aliyeingiliana na asiye halali yake, akijua, pasipo shubha, yaani utata unaomfanya adhani ni halali. Wewe uliolewa kwa walii, mashahidi na mahari, ukiamini eda imekwisha. Hiyo ni shubha: haina hadi (adhabu iliyowekwa na sharia), mahari ni haki yako, na mtoto ni wa baba yake kwa nasaba na kwa mirathi. Ingekuwa kila ndoa batili ni zinaa, mbona Umar bin al-Khattab, katika kisa alichokipokea Imamu Malik, alipoletewa Tulayha aliyeolewa edani, aliwachapa yeye na mumewe fimbo kadhaa akawatenganisha, wala hakuwasimamishia hadi ya zinaa? Aliwatia adabu tu. Na anayemwita mwanamke mzinifu bila mashahidi wanne, viboko vyake ni 80 (An-Nur, aya ya 4). Ajabu ya masheikh wetu wengine, sura hiyo huisoma kwa sauti hadi aya ya 2, ya adhabu ya mzinifu, kisha koo hukauka.

Umar alisema pia wawili hao wasioane tena milele. Ali alimpinga, na imepokewa kuwa Umar alirudi kwenye kauli ya Ali. Sisi Mashafii ndiyo tunayoishika. Ukijifungua, eda ya huyu mume wa pili imekwisha. Kisha utakamilisha ya yule wa kwanza, ndipo mkitaka mfunge akdi mpya kwa mahari mpya. Ila jua kwamba talaka yako ilikuwa rejea: wa kwanza ana haki ya kukurejea kabla eda yake haijaisha, basi msimfiche.

Nenda kwa kadhi na tarehe zote zimeandikwa: ya talaka, ya harusi, ya hedhi iliporudi. Na nguo za mtoto endelea kununua.