Roboti ikikwama mbele ya bomu, usikimbilie suti

Kijana mmoja anayetaka kujiunga na jeshi ameandika akiuliza: roboti zikizidi kuwa na akili, mtegua mabomu atabaki na kazi gani? Kazi ipo, mdogo wangu, tena nzito. Inaanza pale roboti inapokwama.

Tangu Waingereza walipoiingiza kazini Wheelbarrow, roboti ya kutegua mabomu, huko Ireland ya Kaskazini mwaka 1972, shabaha ni ile ile: chuma kitangulie, mtu abaki nyuma. Marekani ilipeleka roboti yake ndogo, PackBot, Afghanistan mwaka 2002, kisha Iraq, na huko tatizo la mawimbi likajitokeza waziwazi. Mtambo wa kuziba mawimbi ya simu yanayolipua bomu huziba pia mawimbi ya rimoti, roboti ikasimama njiani kama kisiki. Dawa yake ni kebo ya faiba, inayopitisha amri bila mawimbi ya redio na kujikunjua nyuma ya roboti inapokwenda. Kebo hiyo ni nyembamba. Ukirudi kinyumenyume juu yake, mnyororo unaoibeba roboti badala ya magurudumu unaisokota na kuikata. Panga njia ya kurudi kabla hujaondoka, na ukigeuka, zungusha duara pana.

Macho nayo hudanganya. Picha ya kamera moja ni bapa: unaona kidole cha roboti kimegusa waya, kumbe bado sentimita 10. Fuata kivuli. Kidole na kivuli chake vikikutana, umefika.

Sasa hiyo akili. Zipo roboti ambazo zikipoteza mawasiliano hurudi zenyewe kwa njia zilizopita. Ni jambo jema, isipokuwa mkononi zikiwa na baruti ya kulipulia bomu, maana zinakuletea baruti hiyo mpaka miguuni. Zima uwezo huo kabla ya kuipa roboti mzigo, na mtu yeyote asisimame kwenye njia yake.

Anayeshika rimoti macho yake yako kwenye skrini, hamwoni anayemjia kwa nyuma. Apewe mwenzake wa kumlinda mgongo, na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye.

Presha kubwa hutoka barabarani: msafara umesimama, kamanda anauliza saa. Hapo ndipo watu huvaa suti ya kujikinga na mlipuko, ya zaidi ya kilo 30, na kutembea kuliendea bomu, wakati roboti imeishiwa betri tu. Mtegua bomu awe na mamlaka ya kusema "subiri", na kamanda akubali. Ivute roboti kwa kamba uliyoifunga tangu mwanzo, badili betri, kagua kebo, irudishe. Ikishindikana, tuma ya pili.