Birika lisipochemka jioni, pima kabla ya kununua koili

Mama mmoja anayeuza chai hapa Busia, upande wetu wa Uganda, alibadilisha koili (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) ya birika lake la umeme mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kila mara fundi alimwambia imechoka. Nilipopita kwake saa moja jioni akanilalamikia: "Mwanangu, hili birika linanimaliza. Mchana linachemka, jioni wateja wananikodolea macho tu."

Hapo kwenye "mchana linachemka" ndipo niliposimama. Koili mbovu haichagui saa.

Nikatoa mita. Ekstensheni yake ina matundu mawili, birika likakaa moja, mimi nikapima kwenye la pili likiwa linachemsha: volti 200. Mkondo, ampea 6.9. Ukinzani, yaani jinsi koili inavyozuia mkondo, ni volti gawanya kwa ampea, yaani 200 ÷ 6.9, karibu omu 29. Nguvu ni volti mara ampea: wati 1,380.

Chini ya birika pameandikwa volti 240, wati 2,000. Chukua 240 × 240, gawanya kwa 2,000, unapata omu 28.8, ukinzani ambao koili nzima inapaswa kuwa nao. Koili ilikuwa nzima kabisa! Iliniuma, kwa sababu pesa ya koili mbili ni chai ya siku nyingi. Kesho yake mchana nikarudi: volti 226, ampea 7.8. Gawanya tena, omu ni zilezile 29, lakini wati zimefika 1,763. Volti zikishuka, mkondo nao unashuka, kwa hiyo nguvu inapungua kwa sababu ya vyote viwili. Volti 200 ni pungufu ya 240 kwa sehemu moja tu ya sita, lakini wati zinapungua karibu theluthi nzima.

Jioni ileile nilikuwa nimepima pia soketi ya ukutani, birika likiwa bado linachemsha: volti 212. Basi volti 12 zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya mwembamba wa ekstensheni. 12 × 6.9 ni wati 83 zinazopasha waya badala ya maji. Nilishika ule waya, ulikuwa na joto kama kikombe cha chai, na nusu yake ilikuwa imeviringishwa chini ya meza. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua.

Tukasogeza meza, birika likachomekwa ukutani moja kwa moja. Jioni hiyohiyo likapata wati 1,540 hivi. Upungufu uliobaki uko kwenye laini ya mtaa, na hakuna koili itakayouponya.

Ukitaka kupima mkondo mwenyewe, tumia klampu, mita yenye taya za kubana waya kwa nje, usikate waya wowote. Bana waya mmoja tu. Ukibana nyaya zote pamoja itasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na ule unaorudi inafutana. Mimi nina kipande cha ekstensheni nilichochuna ganda la nje peke yake, nyaya zikatengana, kila moja ikiwa bado na ganda lake.

Hesabu hii itumie kwa birika, pasi na jiko la koili. Friji na pampu zina mota, na mota ikipata volti kidogo huweza kuvuta ampea nyingi zaidi hadi ikaungua. Jioni kama ile, friji ichomoe.