Skrubu kwanza, kioo baadaye

Nilishaapa kunyamaza. Lakini kila kundi jipya likiingia renji nakutana na bunduki ileile: mpya, imevishwa kila kilichokuwa dukani, na kilengeo cha nukta nyekundu kinachocheza ukikishika kwa vidole viwili. Mwenyewe anakuja amenuna: "Mwalimu, hiki kilengeo kibovu, hakishiki ziro." Yaani risasi hazipigi tena pale kilipolenga. Kilengeo hakina kosa, bwana mdogo. Nipe alenki yako ya kukazia skrubu. Huna? Basi tumeanza vizuri.

Wadogo zangu, nafoka kwa sababu nawapenda. Sitawaeleza kirefu reli (ule ukanda wenye mifereji wa kufungia vifaa) wala kliki (hatua moja ya kinobu cha kurekebisha kilengeo), hayo mmeshafundishwa. Nazungumzia kudumu tu: kifaa gani kitabaki palepale ulipokifunga baada ya risasi nyingi, mvua, vumbi na kurushwarushwa kwenye buti la gari. Bunduki inayojipakia yenyewe ina ukatili wake. Bolti, kile chuma kinachofunga chemba, inarudi nyuma kwa kishindo, kisha springi inairudisha mbele kwa kishindo kingine. Kila ukifyatua mara moja, kilengeo kinakula vipigo zaidi ya kimoja, na kinavipokea kupitia skrubu zile ulizokaza kwa makadirio.

1. Tafuta kwanza sehemu isiyotikisika.

Kwenye familia ya AR, zile za muundo wa AR-15 na M16, ni juu ya risiva, yaani mwili wa bunduki unaobeba bolti, basi. Kwenye AK, kile kifuniko cha juu ni bati jembamba linalovuliwa kila siku ya kusafisha. Ukiweka kilengeo pale, kila ukirudisha kifuniko umebahatisha ziro upya, ndiyo maana AK nyingi zina reli ya ubavuni, upande wa kushoto wa risiva. M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo ina vituko vyake. Klipu yake huingilia juu na hurukia juu, kwa hiyo jeshi la Marekani lilipotengeneza M1C na M1D kwa ajili ya wadunguzi, darubini ilisogezwa kushoto, na kitako kikavishwa mto wa ngozi ili shavu la mpigaji lipate pa kukaa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa urembo. Bunduki ndiyo iliyochagua mahali pa darubini, mtu akatii.

Na kabla ya kununua kishikio, kile kinachofunga kilengeo kwenye reli, pima mifereji ya reli. Picatinny, kiwango cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995, ina mifereji yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka mfereji mmoja hadi mwingine umbali ni uleule reli nzima. Reli ya zamani ya Weaver ni milimita 4.57 na mifereji yake haina mpangilio mmoja. Kifaa cha Weaver kwa kawaida kitakaa kwenye Picatinny. Cha Picatinny kwenye Weaver kitagoma, na nimemwona kijana, fundi wa magari kwa kazi yake, akikibembeleza kwa nyundo.

2. Usivushe darubini juu ya ungio.

Hapa itabidi mnivumilie, maana hili lilinitoa jasho.

Nilikuwa nimeweka akiba muda mrefu nikanunua darubini nzuri kuliko bunduki yenyewe. Pesa zikaisha hapo. Kishikio cha kipande kimoja, kile kinachochomoza mbele, nikakiona ghali kwa kipande cha alumini kisicho na kioo ndani. Nikachukua pete mbili za kawaida. Nilipolala kulenga, jicho likawa karibu mno na lenzi, picha ikawa na kivuli pembeni. Dawa? Nikaisukuma darubini mbele. Pete ya nyuma ikabaki kwenye risiva, ya mbele ikavuka ungio na kuangukia kwenye reli ya hendigadi, lile ganda la mbele linalozunguka mtutu. Meno ya reli yalionekana yameungana moja kwa moja, urefu uleule. Nikajiuliza kuna tatizo gani. Hakuna aliyenijibu kwa sababu sikumuuliza mtu.

Kwenye benchi, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, ilipiga vizuri ajabu. Nikapiga picha ya karatasi, nikaionyesha kila mtu aliyekuwa na macho. Nikashuka chini, nikalala kifudifudi, nikavuta mkanda ukakaza mkono. Risasi zikahama. Hazikutawanyika, kumbuka. Zilikaa pamoja vizuri kabisa, ila mahali pengine. Nikazungusha kliki kuzirudisha. Nikarudi benchi, zimehama tena, upande wa pili.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza risasi: nikabadilisha aina, kisha nikabadilisha tena. Halafu upepo, hata siku ambazo bendera ilikuwa imelala. Halafu pumzi yangu. Nikajifunza kupumua upya, mtu mzima. Mzee mmoja pale renji akaniuliza kwa upole kama nimekagua vishikio. Nikamjibu kwa ujeuri kwamba skrubu zote zimekaza. Zilikuwa zimekaza kweli, hilo ndilo lililonipa kiburi.

Mwishowe nikaamua darubini ni mbovu. Nikairudisha kiwandani na barua ndefu yenye hasira. Ikarudi na karatasi fupi: imepimwa, haina hitilafu. Nikasema wananificha. Nikaiuza kwa hasara kwa rafiki, yeye akaifunga kwenye bunduki yake, na hadi leo ananishinda nayo kwenye mashindano na kuniuliza kama naikumbuka.

Nikanunua nyingine, nikaifunga vilevile. Ikafanya vilevile.

Aliyenifumbua ni fundi bunduki. Hakugusa bisibisi. Akaiweka bunduki tupu kwenye stendi, akaniambia nichungulie, niweke msalaba katikati ya karatasi, nisitikisike. Kisha akaweka kidole gumba ubavuni mwa hendigadi na kuibonyeza. Msalaba ukatembea. Akaachia, ukarudi. Akabonyeza tena, nadhani kwa ajili ya kunikomoa tu.

Hesabu yake ni ndogo, ndiyo maana inauma. Pete zikiwa zimeachana sentimita 10, na ile ya mbele ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, darubini imepinda kwa mili moja, kipimo cha pembe. Mili moja kwenye mita 100 ni sentimita 10. Kwenye mita 300 ni sentimita 30. Unene wa karatasi ya kuandikia umekutoa kabisa kwenye duara. Hendigadi inapinda ukivuta mkanda, ukiegemea miguu ya mbele ya bunduki, ukibana kwenye kizuizi, na joto nalo lina yake. Isitoshe bomba la darubini linanyongwa katikati ya vitu viwili visivyokubaliana.

Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba wakati huo nilikuwa tayari naelekeza wengine. Kulikuwa na vijana waliofunga darubini zao kama yangu kwa sababu mwalimu kafunga hivyo. Nilizunguka kwa mmoja mmoja na alenki mkononi nikiwaambia fungua. Wawili watatu bado wananitania. Nawaruhusu.

Kile kishikio cha kipande kimoja kinachochomoza mbele kipo kwa kazi hii hii: miguu yake yote inakaa juu ya risiva, na kioo kinafika mbele bila kugusa hendigadi. Kinunue hicho kwanza. Pesa itakayobaki ndiyo ya kioo.

3. Kaza kwa kipimo.

Bisibisi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si anasa. Kofia za pete (nusu zake za juu) nyingi zinataka nyutoni mita 2 hivi, wengine chini kidogo. Boliti za kubana reli zinataka zaidi ya hapo, mara nyingine zaidi sana. Fuata karatasi iliyokuja na kishikio chako, usifuate ya jirani. Futa mafuta kwanza, nyuzi za skrubu na reli zote. Kabla ya kukaza, sukuma kishikio mbele mpaka kigonge ukuta wa mfereji, maana huko ndiko kitakakotaka kwenda kikipata nafasi, afadhali kiwe kimeshafika. Gundi ya skrubu ni ya bluu. Nyekundu inataka moto ili iachie, na moto karibu na lenzi ni kilio. Kwenye kofia za pete watengenezaji wengi wanataka pakavu, kwa sababu gundi mbichi inateleza na unaishia kukaza kupita kiasi bila kujua, ukalibonyeza bomba. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kishikio. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

Huu mstari ndio ushauri wangu wenye thamani kuliko yote, na ndio mnaousahau kuliko yote.

4. Kioo sasa, kwa kuwa najua mlikuwa mnasubiri.

Kwa matumizi magumu mtanisikia nikitaja Aimpoint, Wasweden walioanza biashara ya nukta nyekundu miaka ya 1970, na ACOG, darubini ndogo ya Trijicon iliyotoka mwaka 1987. Si kwamba nyingine hazifai. Hizi zimepigwa na kuangushwa na wanajeshi wengi kiasi kwamba siri zao zimeisha. Kigezo changu kwa chapa mpya ni hicho hicho: imeteswa na watu wangapi kabla yangu?

Nukta nzuri zinatangazwa kukaa na betri moja saa 50,000 ikiwa mwanga ni wa wastani. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano bila kuzima. Usiongeze mwanga hadi mwisho halafu ulalamike, na badilisha betri kila mwaka tarehe uliyoichagua, hata kama bado inawaka. Zile zinazotumia betri za alkalini, toa betri ukihifadhi bunduki muda mrefu. Zikivuja zinakula sehemu za kugusia umeme na hakuna kiwanda kitakachokuhurumia.

ACOG ya mtumba? Uliza mwaka. Mwanga wake wa usiku unatokana na tritiamu, gesi yenye mionzi, na tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Ya miaka 25 imebaki na robo. Mchana utaona inang'aa vizuri kama ina ule uzi unaokusanya mwanga, muuzaji naye anajua hivyo, ndiyo maana anakutana nawe saa sita mchana.

Hata jina kubwa lisikulaze. Mwaka 2015 kampuni ya L-3, iliyokuwa ikimiliki EOTech, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza kesi iliyodai kwamba vilengeo vyake vya hologramu vilihamisha pointi ya kulenga kwenye baridi kali na joto. Vilikuwa vikipendwa sana, na bado vina wapenzi wake, mimi nikiwemo. Ninachosema ni hiki: kagua ziro yako asubuhi ya baridi na mchana wa jua, usisubiri kesi.

Nakala bandia zimetengenezwa kwa bunduki za kuchezea. Maandishi ni yaleyale, ndani hewa. Zinakufa kwa mtikisiko.

Na kabla ya kurudisha nukta dukani kwa sababu "inaonekana kama mkia wa nyota", ipige picha kwa simu. Ikiwa kwenye picha ni duara safi, basi mwenye hitilafu ni jicho lako. Ni astigmatizimu, yaani jicho lisilo duara sawasawa, watu wengi tunayo. Nenda kapime macho, au nunua kilengeo cha prizimu ambacho alama yake imechongwa kwenye kioo.

5. Vilengeo vya akiba.

Viwe na ziro, vinginevyo ni mapambo. Vya plastiki vinavumilia vipigo vizuri tu, lakini visikae juu ya gesi bloki, kile kipande cha kwenye mtutu kinachopitisha gesi: pale pana joto la kupika, na plastiki ikilainika inainama bila kukuaga.

6. Vingine vyote.

Mkanda wenye vifungo vya chuma. Tochi moja, na ukumbuke masizi ya mdomo wa mtutu hupaka lenzi yake, ifute. Miguu kama unalala chini, kama hulali iache nyumbani. Leza ya nini? Dada mmoja mpya hapa alikuja na bunduki isiyo na madoido kabisa, kilengeo kimoja na mkanda. Wenzake wakamcheka. Kufikia jioni wao walikuwa wanaokota skrubu kwenye majani, yeye anapiga.

7. Ziro.

Magazini nje, chemba tupu, umeangalia kwa macho na kwa kidole, ndipo uguse skrubu yoyote. Hili silijadili.

Kwenye AR kilengeo kinakaa sentimita 6 na nusu hivi juu ya mtutu. Kwa hiyo ukiwa mita chache tu kutoka kwenye karatasi, risasi itapiga chini ya nukta kwa karibu kiasi hicho. Ni sawa. Ndivyo inavyotakiwa. Acheni kuzungusha vinobu kwenye umbali wa karibu halafu mshangae mnapopitisha juu ya ukuta wa udongo kwenye mita 100. Kliki ya robo MOA (kipimo kingine cha pembe) ni milimita 7 kwenye mita 100, kliki ya sehemu moja ya kumi ya mili ni sentimita 1. Andika kwenye mkanda wa gundi kitakoni bunduki yako inatumia ipi, kwa sababu utaniuliza tena.

Piga risasi kumi za kwanza, kagua mistari ya rangi, kaza palipolegea, ndipo uanze ziro yenyewe. Kisha ipige tena ukiwa umelala na mkanda umekaza. Zikihama kutoka pale zilipokuwa benchini, usiguse kliki. Weka bunduki tupu kwenye stendi, mwite mwenzako abonyeze hendigadi, wewe chungulia.